Mshahara Unaingia, Kadi Iko kwa Mtu Mwingine

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali mkoani Morogoro, nina miaka 38, ni mke na mama wa watoto wawili. Tangu niajiriwe sijawahi kukosa mshahara, ndiyo maana naona aibu kukuandikia. Majirani wanaouza mboga na maandazi wananiona mimi ndiye mwenye uhakika, na wapo wanaokuja kunikopa. Hawajui kwamba ikifika tarehe 5 sina hata nauli ya bajaji.

Nikuwekee hesabu zote ili usiniulize. Mshahara wangu ni 940,000. Mfuko wa pensheni unakata 47,000, bima ya afya 28,200, chama cha walimu 18,800, kodi 101,250, bodi ya mikopo ya elimu ya juu 141,000. Kuna na mkopo wa benki. Nilichukua milioni 13 kwa miaka sita, nikanunua kiwanja nikaanza nyumba, na mpaka leo nyumba imesimama kwenye linta. Benki inakata 282,000 na nimebakiza miezi 30. Kinachoingia ni 321,750.

Januari mwaka huu mambo mawili yalikuja pamoja. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita tuliyochelewa nayo tangu Novemba, 480,000, na mtoto wangu wa kwanza alipangiwa kidato cha kwanza shule ya bweni. Ada hakuna, lakini godoro, ndoo, tranka, sare na madaftari vyote nilitakiwa kununua. Nikaenda kwa mtu anayekopesha hapa mjini, hawa tunaowaita kausha damu. Alinipa 500,000, akachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mwezi mshahara ukitoka anakwenda kutoa yeye, anakata 100,000 ya riba, inayobaki ananipa mkononi kama mtoto anayepewa hela ya shule. Sasa ni Septemba. Nimeshamlipa 800,000 na ile 500,000 bado iko pale pale.

Katika 221,000 ninayopewa, namtumia mama kijijini 40,000, kwa sababu ana presha na dawa ananunua. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho wa stashahada, namtumia 50,000. Dukani nina daftari la madeni, kila mwezi nalipa kama 60,000 halafu nakopa tena. Mume wangu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Akipata kazi nyumba inakula vizuri, asipopata tunanitegemea mimi. Mwezi uliopita nilichanga 30,000 ya harusi ya mwalimu mwenzangu na nikanunua kitenge cha sare 25,000. Najua utaniambia hapo ndipo ninapopotea. Mimi sina nidhamu ya pesa, hilo nimeshalikubali.

Wiki mbili zilizopita ofisa mikopo wa benki alikuja ofisini kwetu shuleni. Akanipigia hesabu: benki itafuta salio langu, initengenezee mkopo mpya wa miaka mitano, makato yabaki yale yale 282,000, na mimi niondoke na 4,500,000 mkononi. Nilitetemeka. Nitamlipa yule mtu, nitalipa kodi inayokuja Novemba, itakayobaki nipaue nyumba tuhame. Fomu ninayo kwenye mkoba.

Kinachonizuia ni mume wangu. Hajui habari ya kadi wala riba. Anajua tu kwamba mshahara hautoshi. Si mtu wa kupiga, lakini akiudhika ananuna wiki nzima, na nyumba inakuwa kama ina msiba. Akijua nimeshalipa 800,000 bure atanidharau.

Jambo la mwisho sijamwambia mtu yeyote. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Sanduku linalala kwangu, na ufunguo ninao mimi. Juzi usiku nilikaa nikaliangalia muda mrefu. Sikuligusa, lakini nilijiogopa.

Nichukue ule mkopo? Nimwambie mume wangu? Au nimwambie mama na mdogo wangu kwamba sina tena?

Mwalimu, Morogoro


MAJIBU

Marahaba, mwalimu. Pole sana, na asante kwa kuweka hesabu mezani bila kuficha hata kitenge. Nimeisoma barua yako na kalamu mkononi, kama ninavyodhani wewe unavyosoma madaftari ya wanafunzi wako.

Kama nimekuelewa, una mambo matatu yaliyofungamana. Mshahara wako unaisha kabla hujaushika. Kuna mkopo mpya unaokuahidi kupumua, lakini utakufunga miaka mitano. Na kuna siri unayoibeba peke yako ndani ya nyumba yenye watu wazima wawili. Umeniuliza zaidi habari ya mkopo. Niruhusu nianze na sentensi moja uliyoiandika kana kwamba imeshapitishwa na mahakama: kwamba huna nidhamu ya pesa.

Umelifikiaje hilo? Makato ya pensheni, bima, chama, kodi na bodi ya mikopo peke yake yanafika 336,250, zaidi ya theluthi ya mshahara wako, na karibu yote huna uwezo wa kuyakataa leo. Benki inachukua 282,000. Harusi na kitenge vya mwezi uliopita ni 55,000. Riba ya yule mtu ni 100,000, tena kila mwezi, na imekwenda miezi minane. Ungekataa harusi zote za mwaka huu, bado usingefikia alichochukua yeye. Sisemi michango haina uzito kwako. Nasema umejihukumu kwa kosa dogo na ukalipita kubwa, na mtu anayejiona mzembe huwa anajificha, na akijificha hujikuta mikononi mwa watu kama hao.

Hebu tazama na hili. Kwa utaratibu wa utumishi, mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Theluthi ya 940,000 ni 313,333, nawe unabaki na 321,750. Maana yake benki imeshakukopesha mpaka ukingoni, na hicho kinachobaki kimewekewa ulinzi ili mtu ale na alale. Yule aliyeshika kadi yako hapiti kwenye slipu ya mshahara. Anasubiri nje, anakula ile theluthi yenyewe iliyolindwa. Kwa hiyo deni hilo, dogo sana kuliko la benki, ndilo linalokunyima chakula.

Huyo mtu ana leseni? Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kufanya biashara ya kukopesha bila leseni ni kosa, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 500,000 hiyo ni 17,500. Wewe unalipa 100,000, yaani asilimia 20. Benki Kuu ina dawati la malalamiko la watumiaji wa huduma za fedha, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake. Sikutumi ukagombane. Nataka tu ujue kwamba ukienda kukaa naye kuzungumza juu ya deni, huendi kama mkosaji anayeomba huruma.

Najua pia unachokiogopa: atakuja shuleni, atapiga kelele mbele ya wanafunzi. Inawezekana. Watu wa kazi hiyo wanaishi kwa aibu ya wateja wao. Unaweza kwenda benki leo ukafunga kadi na kuomba nyingine, ni haki yako, lakini ukifanya hivyo peke yako, kimya kimya, na kuna karatasi ulisaini kwake, huenda ukaleta purukushani usiyojiandaa nayo. Ukienda na shahidi, mtu mzima mmoja anayeheshimika, ukamwomba akuandikie umelipa kiasi gani na kimebaki kiasi gani, mazungumzo yanabadilika. Akikataa kuandika, hilo nalo ni jibu, na ni la kulipeleka kwenye dawati.

Sasa ile fomu kwenye mkoba. Ofisa amekuambia makato hayabadiliki, na ni kweli. Kinachobadilika ni muda. Leo umebakiza miezi 30. Ukisaini unakuwa na 60. Hiyo miezi 30 ya ziada, kwa 282,000 kila mwezi, ni 8,460,000. Ndiyo bei ya 4,500,000 utakayoshika mkononi. Muulize kama kuna bima ya mkopo na ada za kuandaa mkopo zitakazokatwa humo humo, maana mara nyingi zipo, na fedha inayofika mkononi huwa chini ya ile iliyotajwa ofisini.

Hata hivyo sitasema ni mkopo mbaya, kwa sababu una nyumba kwenye linta. Ukilipa deni la 500,000 na kodi ya 480,000, inabaki kama 3,500,000. Kama fedha hiyo inatosha kweli kupaua, kuweka mlango na madirisha ya vyumba viwili, na mume wako ndiye fundi wa madirisha, mnahamia na kuokoa 80,000 ya kodi kila mwezi. Kwa miaka mitano hiyo ni 4,800,000. Hapo hesabu inaanza kusogeleana. Lakini je, fundi ameshakupigia hesabu ya mbao na bati kwa bei za sasa, au 3,500,000 inatosha kwa kuwa ndiyo itakayobaki? Nyumba ikiishia kuezekwa nusu, utakuwa na kodi, makato ya miaka mitano na bati zinazopata kutu. Hilo huwezi kulijua ukiwa na fomu peke yake. Na mtu wa kulijua nawe ni fundi uliyeolewa naye.

Njia nyingine umeitaja bila kuitambua. Wewe ni mwanachama wa kikoba, si mtunza sanduku tu. Vikoba vingi vinamruhusu mwanachama kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Hukuandika hisa zako zimefika ngapi, wala kwa nini wewe huwa hukopi. Nahisi ni kwa sababu mwalimu, tena mweka hazina, hatakiwi kuonekana ana shida. Tuseme hisa zinakuruhusu kukopa 500,000, riba yenu ni asilimia 5 kwa mwezi, marejesho miezi mitatu. Mwezi wa kwanza utalipa kama 190,000. Ni nzito kuliko 100,000 ya sasa, na Novemba mwenye nyumba atakuwa mlangoni. Ungelazimika kumwomba akupokelee kodi ya miezi mitatu badala ya sita, na huenda akakataa. Lakini ikifika Desemba deni limekwisha, na kama kikoba chenu huvunjwa mwisho wa mwaka, mgao wako unakukuta na kadi yako mfukoni. Ni miezi mitatu ya kubana sana dhidi ya miezi 30 ya ziada. Wapo watakaochagua ya kwanza, na wapo ambao, wakitazama watoto na fundi ambaye kazi zake hazitabiriki, wataogopa miezi mitatu ile. Siwezi kukuamulia.

Habari ya sanduku haina kusubiri. Mama, hukuiba. Ulijiogopa, ukaandika, na hiyo ni akili timamu. Kwenye kikao kijacho pendekeza sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu wasiolala na sanduku nyumba moja. Vikundi vingi ndivyo vinavyofanya. Huna haja ya kueleza sababu. Utalala usingizi mwingine kabisa siku hiyo.

Ukifikiria SACCOS ya walimu, kumbuka kwamba nafasi kwenye slipu yako imejaa. Kati ya 321,750 na theluthi kuna kama 8,400 tu, kwa hiyo mkopo unaokatwa kwenye mshahara hauna pa kuingia kwa sasa. Utakuja kuwa na pa kuingia, na hapo ndipo pa kuangalia sana. Makato ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu yana mwisho. Omba taarifa ya salio lako ujue ni mwezi gani 141,000 itarudi kwako. Mwezi huo maofisa mikopo watakuwa wamekaa ofisini kwenu, kwa kuwa nafasi imefunguka. Ndivyo walimu wengi wanavyopandishwa daraja na mwisho wa mwezi ukabaki ule ule. Kabla siku hiyo haijafika, ipe ile 141,000 kazi yake.

Umeuliza kama umwambie mama na mdogo wako kwamba huna tena. Je, mama ameandikishwa kwenye bima yako ya afya? Utaratibu wa mfuko umeruhusu mwanachama, mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwamo. Wewe una watoto wawili. Kama jina la mama halimo, uliza kwa ofisa utumishi namna ya kuliingiza, kwa sababu unakatwa 28,200 kila mwezi na huku unamtumia fedha ya dawa ambazo huenda angezipata kwa kadi. Mdogo wako yuko mwaka wa mwisho. Msaada wake una tarehe ya kuisha, na kijana wa umri huo anaweza kuambiwa ukweli: dada ana miezi mitatu migumu, 50,000 itakuwa 30,000. Mara nyingi tunaamini wanaotutegemea watavunjika wakijua hali yetu. Umewahi kuwauliza?

Na michango ya harusi, sikubaliani sana na wanaosema ikatwe yote. Ukifiwa, hao ndio watakaokuja na sufuria, wakapika na kukesha. Ila 30,000 inaweza kuwa 10,000, na sare inaweza kukosekana. Mwalimu mwenzako akikuona umevaa gauni lako la zamani, umefika, umecheza, harusi yake haijapungua kitu.

Nimemwacha mume wako mpaka sasa kwa sababu naona ndiye anayekutia hofu kuliko riba. Unasema atakudharau. Labda. Unamjua kuliko mimi, na kununa kwa wiki nzima si jambo dogo kwa anayelala humo. Lakini yeye naye ni mwanamume ambaye kuna wiki anarudi bila kazi. Unajua yeye anakopa wapi wiki hizo? Unajua anajisikiaje mshahara wa mkewe unapobeba nyumba? Inawezekana kabisa kwamba kila mmoja wenu anaficha upande wake ili asimwangushe mwenzake. Ukisaini ule mkopo bila yeye kujua, kuna siku bati zitaonekana juu na atauliza fedha imetoka wapi. Na ukimwambia leo, hasara unayoiogopa ni ununaji wa siku kadhaa, na huenda ukapata mtu wa kukusindikiza kwa yule mwenye kadi.

Ukiamua kumwambia, usichague siku ya mshahara, wala usiku watoto wakiwa macho. Chukua slipu na karatasi ya hesabu kama ulivyoniandikia mimi, mwache asome mwenyewe, kisha muulize lile swali la mbao na bati ambalo yeye, kama fundi, yuko karibu nalo kuliko wewe. Atakuwa na kitu cha kushika mbali na hasira. Kama moyo unakataa kabisa, mtafute kwanza mtu mmoja, dada, mchungaji, shehe, mwalimu mwenzako mkubwa, akae nanyi.

Fomu isubiri kwenye mkoba mpaka umeshapata hesabu ya fundi, salio la bodi, na jumla ya hisa zako za kikoba. Benki itakuwepo mwezi ujao, na ofisa yule atarudi. Na kwa njia yoyote utakayochagua, siku ya kumalizana na yule mtu usimpe shilingi ya mwisho kabla kadi haijawa mkononi mwako na karatasi ya kumaliza deni haijasainiwa mbele ya shahidi. Ukitoka hapo pitia benki, badilisha namba ya siri, ndipo urudi nyumbani.